Dalali wa nyumba na viwanja: umlipe kwa lipi, umlipe lini, na wapi usimtegemee

Ukitafuta chumba Sinza, Tabata au Kimara, utakutana na dalali kabla hujamwona mwenye nyumba, na mwenye nyumba mwenyewe huenda usimwone mpaka siku ya kuweka saini. Dalali atakuonyesha, atakusifia, atakuharakisha, kisha atataka kodi ya mwezi mmoja. Hapo ndipo watu hung'aka: hela yote hii ya nini, si amefungua geti tu?

Swali hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya kupiga simu. Dalali anauza taarifa na miguu yake. Anajua nani anahama wiki ijayo, mwenye nyumba yupi hataki mpangaji mwenye gari, na familia ipi inauza kiwanja kwa sababu ada za shule zimewabana. Taarifa hiyo ina thamani na inastahili kulipiwa. Asichouza, hata akikuapia, ni uthibitisho: kwamba anayepangisha ndiye mwenye nyumba, kwamba kiwanja hakina mgogoro, kwamba bei ndiyo bei. Uthibitisho una wataalamu wake na una bei yake. Nimeandika kwa kuitazama Dar es Salaam, maana ndiko biashara hii ninakoijua, lakini mtu wa Mwanza, Arusha au Dodoma atajiona humu bila shida.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya dalali kwa miezi utakayokaa

Tuseme kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita. Utatoa 1,800,000 za kodi na 300,000 za dalali, jumla 2,100,000. Ukihama baada ya miezi sita, dalali amekugharimu 50,000 kila mwezi, yaani nyumba ya laki tatu umeikalia kwa laki tatu na nusu. Ukikaa miaka miwili, amekugharimu 12,500 kwa mwezi, hela ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo anayehama kila baada ya miezi sita ndiye anayeumia na madalali, wala hatambui, kwa sababu hulipa kidogokidogo huku akilaumu kodi kubwa. Kama hujui utakaa mji huu muda gani, au kazi yako ni ya mkataba mfupi, tafuta kwanza bila dalali. Kama umehamishiwa Dar kutoka Songea na unaripoti kazini Jumatatu, mlipe dalali na uendelee na maisha. Siku nne za gesti na nauli za bodaboda zitakula karibu hela hiyohiyo.

Hatua ya 2: Jaribu mtaani kabla ya simu

Chagua mtaa mmoja au miwili, usiseme "popote tu". Nenda Jumamosi asubuhi, watu wakiwa nyumbani. Uliza dukani kwa Mangi, uliza kwa mama ntilie, uliza fundi cherehani mwenye kibanda chake barazani. Hao wanawaona wanaofungasha vyombo kabla ya dalali yeyote. Mjumbe wa eneo naye anajua, na ukimsalimia vizuri leo, kesho hatakusumbua ukihitaji barua ya utambulisho.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda ni wa kuulizwa pia, ila jua kwamba nusu yao ni madalali wasio na kadi. Atakayekupeleka atataka chake. Ongea naye mapema. Elfu ishirini au thelathini kwa kijana aliyekufikisha moja kwa moja kwa mwenye nyumba ni nafuu kubwa kuliko kodi ya mwezi.

Njia hii inafanya kazi kwenye vyumba na nyumba za kawaida za uswahilini na mitaa ya kati. Masaki, Oysterbay na apatimenti za Mikocheni ni habari nyingine: kule mlinzi wa getini ana namba ya wakala, na huwezi kupiga hodi tu.

Hatua ya 3: Lisome tangazo kama mtu wa mjini

Chukua tangazo la kawaida la kwenye statasi: "Chumba masta, sebule na jiko Kimara Temboni, 250k x 6, umeme unajitegemea, maji yapo, dakika 5 kutoka barabarani, ndani ya fensi, wapangaji wawili tu. Sevisi chaji 20,000. Dalali mwezi mmoja."

"Dakika 5" ni za bodaboda, tena asiyeogopa mashimo. Uliza nauli ya boda kutoka kituoni. Ukiambiwa elfu moja na mia tano, zidisha mara mbili kwa siku na uijumlishe kwenye kodi, kwa sababu ndiyo kodi yako halisi. "Umeme unajitegemea" maana yake iwe mita yako ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, peke yako, lakini wengine humaanisha submita, ambapo mnachanga na mwenye nyumba anawagawia. "Maji yapo" ni sentensi isiyo na mwenyewe: ya DAWASA au ya kisima, yanatoka kila siku au mara mbili kwa wiki, kuna tangi au ni ndoo? "250k x 6" ni miezi sita kwa mkupuo, na mara nyingi hapo pana nafasi ya kuomba mitatu, hasa kama nyumba imekaa wazi muda.

Halafu ile elfu ishirini. Hiyo ni ada ya kuonyeshwa, na hairudi hata usipopenda. Siilaumu kabisa, kwa sababu dalali naye anatumia nauli na wapo watu wanaozunguka nyumba kumi kwa kujifurahisha. Ila sharti liwe moja: elfu ishirini ni ya nyumba zote atakazokuonyesha mpaka upate, na siyo ya kila mlango. Dalali anayetoza kila mlango anaishi kwa kuonyesha, hana haraka ya wewe kupata.

Hatua ya 4: Maswali ya kumtumia kabla ya kutoka nyumbani

Mwandikie, usimpigie, ili majibu yabaki kwenye simu. Umeongea na mwenye nyumba mwenyewe au umepewa na dalali mwingine? Nyumba iko wazi leo au kuna mtu ndani? Nitaonana na mwenye nyumba kabla ya kulipa? Ada yako jumla ni kiasi gani, na ninailipa lini?

Swali la kwanza ndilo zito. Picha za nyumba moja huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka zinafika kwa dalali wa tatu au wa nne ambaye hajawahi kufika kwenye nyumba hiyo. Ukipita kwa huyo, ada inagawanywa kwa watu wengi, kila mmoja ana njaa yake, na kila mmoja anaweza kuongeza kidogo kwenye kodi bila mwenye nyumba kujua. Ndiyo sababu unasikia nyumba ileile ni 250,000 kwa huyu na 300,000 kwa yule.

Akikujibu "bosi wangu wewe njoo tu, tutaongea", umeshajibiwa.

Na akikutaka utume kishika nafasi kwa simu kabla hujaiona nyumba, "maana kuna mtu anakuja na hela saa kumi", usitume. Mwache huyo wa saa kumi aichukue.

Hatua ya 5: Ukifika kwenye nyumba

Usianze na vigae. Fungua bomba. Bonyeza swichi. Inua macho kwenye kona za dari utafute alama za maji, kisha shusha macho kwenye kuta, karibu na sakafu. Rangi mpya iliyopakwa chini tu, mpaka usawa wa goti, inaficha mafuriko au chumvi ya ukutani. Kwenye mabonde ya Msimbazi na maeneo kama Jangwani hili halina mjadala, lakini hata mitaa ya juu ina vijito vyake vya msimu ambavyo dalali wa Julai hatavikumbuka. Muulize jirani mwenye duka: masika maji yanafika wapi hapa?

Angalia mita. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kupitia LUKU kidogokidogo kila mwezi, na ukiwa na mita yako wewe ndiye unayekatwa japo nyumba si yako. Kisheria ni mzigo wa mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane mapema kama utaipunguza kwenye kodi. Mita inaweza pia kuwa na deni lililoachwa, na deni hilo linajitokeza siku unaponunua umeme mara ya kwanza. Nunua umeme wa elfu moja au mbili kwa namba ya mita hiyo kabla ya kulipa kodi, uone unapewa uniti ngapi. Ni kipimo cha bei rahisi kuliko vyote nivijuavyo.

Kisha mpate mpangaji mwenzako mtarajiwa, dalali akiwa mbali kidogo, umuulize yeye analipa kiasi gani na kwa nini aliyetoka alitoka. Hapo ndipo utajua kodi ya kweli.

Hatua ya 6: Mpangilio wa malipo

Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba, kwa namba yake au akaunti yake ya benki yenye jina linalofanana na la kwenye mkataba. Isipitie mkononi kwa dalali, hata kama ni mjomba wake. Kama aliyepo ni msimamizi, aonyeshe barua ya kumpa mamlaka na upige simu kwa mwenyewe mbele yake. Mkataba usainiwe, funguo zikabidhiwe, kitasa kijaribiwe, ndipo dalali apewe chake, naye aandike karatasi fupi ya kupokea: jina, kiasi, nyumba gani, tarehe.

Dalali mzuri hukubali utaratibu huu bila maneno mengi. Anayegoma, anayesema "hunijui wewe, dada, mimi hapa mtaani naheshimika", ndiye hasa uliyekuwa unamtafutia dawa.

Ada ya mwezi mmoja inajadilika, watu hawajaribu tu. Inajadilika kwenye nyumba za kodi kubwa, na inajadilika kama nyumba uliipata mwenyewe, yeye akaja tu kufungua mlango. Kwenye chumba cha shilingi 60,000 usimbane. Naye atakula nini.

Kununua kiwanja: hapa mambo hubadilika

Kwenye kupanga, ukikosea unapoteza kodi ya miezi sita. Kwenye kununua, unapoteza akiba ya maisha, na dalali hatakuwa mshtakiwa wa pili. Kwa hiyo tenganisha bajeti mbili tangu mwanzo: ya dalali kwa kukutafutia, na ya watu wa kuhakiki. Watu hulipa ya kwanza kwa ukarimu, kisha hubania ya pili, wakati ilipaswa kuwa kinyume chake.

Jua kwanza dalali analipwa na nani. Kwa kawaida hulipwa na muuzaji; utasikia asilimia 10 kwenye viwanja vya bei ndogo vya Chanika au Bagamoyo, na asilimia 5 au chini yake kwenye nyumba za bei kubwa. Lakini kuna utaratibu wa pili unaoitwa cha juu. Muuzaji anasema, "mimi nataka milioni 18 mkononi, utakachoongeza ni chako." Dalali anatangaza 24. Wewe unaomba upunguziwe, anakunja uso, anashuka mpaka 22, unashukuru. Amepata milioni nne, zaidi ya asilimia 20 ya alichopata mwenye ardhi. Na ukija na ofa ya milioni 18 na nusu, muuzaji hataisikia kamwe, maana dalali hana faida nayo.

Kinga yake ni moja: bei ijadiliwe wewe na mwenye ardhi mmekaa uso kwa uso, dalali akiwepo na asilimia yake ikitajwa wazi mezani. Dalali akikataa katakata mkutano huo, kuna cha juu. Haimaanishi ardhi ni mbaya. Inamaanisha bei uliyoambiwa si ya mwenye ardhi.

Sasa uhakiki. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, omba nakala, kisha wewe au wakili wako, na si dalali, mfanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yataonyesha jina la mmiliki, muda uliobaki wa umiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1998 si sawa na iliyotolewa juzi, na bei zisilingane.

Kama hakijapimwa, hakuna upekuzi utakaokusaidia. Hapo unahitaji mpima wa ardhi. Mchukue wako mwenyewe, asiwe wa dalali, apime alama za mipaka kwa kifaa chake na kuzilinganisha na michoro ya mipango miji ya halmashauri. Ndipo unapogundua kwamba "kiwanja cha kona" kwenye mchoro ni barabara, au eneo la shule. Aangalie pia hifadhi ya barabara kuu, na umbali wa mita 60 kutoka kwenye mto au bahari ambao Sheria ya Mazingira ya 2004 inaulinda. Waliokuwa kandokando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, waliona nyumba zao zikivunjwa mwaka 2017, na wengi walikuwa wamejenga kwa saruji na makaratasi. Alama ya X inayochorwa kwenye nyumba ya kuvunjwa haiulizi ulinunua kwa nani.

Kisha majirani wa pande zote nne, wote bila kumwacha "aliyesafiri". Kisha ofisi ya serikali ya mtaa, ambako ukiombwa mchango wowote uombe risiti. Kisha ndoa: kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi, maana nyumba ya familia haiuzwi na mmoja peke yake. Na kama ardhi ni ya urithi, barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. "Mimi ndiye mkubwa wa familia" si barua. Migogoro mingi niliyoisikia Goba, Madale na Kigamboni ilianzia hapa, kwa ndugu aliyekuwa mkoani akarudi na kukuta shamba la baba lina msingi wa mtu.

Kabla ya kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kushikilia kiwanja, mkubaliane nani analipa kodi zipi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida yake akiwa mkazi, au asilimia 3 ya bei kama hana kumbukumbu za alivyonunua. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wa mnunuzi. Madalali hupenda kumalizia na "gharama zote za uhamisho juu ya mnunuzi", sentensi inayotamkwa haraka wakati wa kupeana mikono. Kwenye kiwanja cha milioni 22, asilimia 3 pekee ni 660,000. Irudishe kwenye bei.

Na kishika uchumba kiandikwe: kitarudi au hakirudi, na kwa sababu gani. Uandike kwamba upekuzi ukionyesha kasoro, kinarudi chote.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji

Hapa ada ya dalali hujirudisha kirahisi zaidi, kwa sababu wanunuzi wenye hela wako kwenye simu yake na si kwenye yako. Usimpe cha juu. Mpe bei yako, asilimia yake, na muda, labda miezi mitatu, kwenye karatasi moja yenye saini zenu. Ukiwapa madalali saba kwa pamoja, kiwanja chako kitatangazwa kwa bei saba tofauti na mnunuzi makini atadhani kina kasoro. Wape wawili.

Hati halisi ibaki kwako. Nakala atapewa mnunuzi aliyekwisha kuja na kukubali bei, ili afanye upekuzi. Mkatabani andika pia kwamba mnunuzi uliyempata mwenyewe, shemeji yako kwa mfano, hana asilimia ya mtu. Bila mstari huo utasikia kwamba shemeji yako "aliletwa" na mtu.

Ukinunua ukiwa nje ya nchi

Kwa mtu aliyeko Muscat, London au Minneapolis, dalali na ndugu mara nyingi huishia kuwa timu moja, hata kama hawakukusudia. Ndugu anaona aibu kumkatalia dalali wa mtaani kwake, dalali anaona hela ya nje haina uchungu. Ajiri wakili asiyefahamiana na yeyote kati yao, mpima vilevile, na uwalipe wewe moja kwa moja. Fedha za kiwanja ziende kwenye akaunti ya muuzaji baada ya majibu ya upekuzi kufika kwako mwenyewe, siyo kwa picha iliyopigwa na ndugu. Uraia nao uuangalie: aliyechukua pasipoti ya nchi nyingine amepoteza uraia wa Tanzania, na asiye raia hapewi ardhi kama raia, ana masharti yake maalum. Dalali atakuambia "tutaandika jina la mdogo wako". Kabla hujakubali, kumbuka kwamba kisheria mwenye kiwanja atakuwa mdogo wako, na baada yake mke wake na watoto wake.

Wasomaji wa Kenya wana nafuu moja: mawakala wa nyumba wako chini ya sheria yao, Sura ya 533, na kuna bodi inayowasajili. Muombe wakala namba yake ya usajili na uiulize bodi kabla ya kulipa chochote, hata ile ada ya kuonyeshwa.